Mwiba wa ngege ulionikwama: nilivyotibiwa Kampala bila kupasuliwa

Jumapili jioni tulikula ngege (samaki aina ya sato) wa kukaanga pale Ggaba, mwiba ukanikwama. Mama mkwe akanifinyangia tonge la posho, yaani ugali. "Meza bila kutafuna mwanangu, litashuka nao." Nikameza matatu. Maumivu yakatoka kooni yakahamia kifuani, na baadaye daktari alinieleza sababu: kila tonge lilikuwa linauchomeka mwiba kwenye ukuta wa umio, njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni.

Kliniki ya kwanza walinipiga eksirei, wakasema hakuna kitu, nikapewa dawa ya maumivu. Miiba mingi ya samaki haionekani kwenye eksirei. Walipaswa kuniambia hivyo! Nililala nyumbani siku mbili, hata mate nikiyameza yananichoma.

Siku ya tatu homa ikapanda. Hospitali ya pili daktari alianza kwa kuniminyaminya shingo. Ngozi ikitatarika, alisema, ujue hewa imevuja, umio umetoboka. Yangu haikutatarika. Picha ya CT, yaani eksirei ya kina zaidi, ndiyo iliyouonyesha mwiba: umekaa mkingamo, ncha moja imezama. Nilijua nitapasuliwa kifua. Nililia.

Hawakunipasua. Nilipewa dawa ya usingizi, wakapitisha mdomoni mpira mwembamba wenye kamera, yaani endoskopi. Mbele yake walivika kifuniko kinachopenya mwanga, ili ncha ya mwiba isinikwaruze wakati wa kutoka, kisha wakaung'oa kwa koleo dogo linalopita ndani ya mpira huohuo. Palibaki tundu dogo. Wakalibana kwa klipu za chuma, kwa njia ileile ya mdomoni. Sina mshono hata mmoja.

Kazi ngumu ilikuwa kungoja. Siku tano nililishwa kwa mpira wa puani na kutundikiwa antibayotiki. Manesi walikuwa wapole, lakini gharama hawakunieleza mapema: daktari, usingizi, klipu na kitanda, kila kimoja na bili yake. Ulizeni kabla.

Kitanda cha jirani alilazwa mtoto aliyemeza betri ya rimoti, ile ndogo bapa kama kifungo. Hiyo haingoji hata usiku mmoja, huanza kuunguza umio ndani ya saa 2.

Siku ya sita nilinyweshwa dawa inayoonekana kwenye eksirei, nikapigwa picha, ikaonekana hakuna kinachovuja. Mama mkwe akanikorogea uji wa ulezi, mwepesi, wa vuguvugu. Nikanywa taratibu. Haukuchoma popote.