Friji haipumziki: mafundi wawili, noti ya hamsini na kitambaa cha mavyaa

Friji yangu ina miaka mitatu. Ni ya milango miwili, friza juu, ya aina ile ambayo barafu yake huyeyushi ila kwa kuizima. Niliinunua Mombasa, ikaja kwa lori hadi Mokowe, ikavushwa kwa boti, na mahamali wawili wakaifikisha kwetu mtaa wa Mkomani, Amu (Lamu), kwa mkokoteni na maneno mengi. Sikuwa na neno nayo mpaka kaskazi ya mwaka huu, msimu wetu wa joto.

Kilichonishtua kwanza si mlio, ni tokeni za umeme. Za shilingi 500 nilikuwa nikikaa nazo wiki nzima. Ghafla siku ya tano mita inapiga kelele. Halafu usiku mmoja joto likaninyima usingizi, nikawa nasikiliza: friji inanguruma tu. Nikangoja inyamaze. Adhana ya alfajiri ikanikuta ningali nangoja.

Fundi wa kwanza alielekezwa na jirani. Akaweka mkono ubavuni mwa friji, akautoa haraka, akasema, "Gesi imekwisha hii, dada. Elfu nne na mia tano." Hakufungua kitu, hakupima kitu. Mtungi aliokuja nao umeandikwa R134a, na kibandiko cha nyuma ya friji yangu kinasema R600a, gramu 46. Nikamuuliza mbona haviendani. Akanijibu gesi ni gesi. Hapana. R600a ni ya jamii ya gesi za kupikia, inashika moto, na hutiwa kidogo tena kwa mizani. R134a ni kitu kingine, mgandamizo wake mwingine, na kompresa, ile mota inayoisukuma gesi, hutengenezwa kwa gesi yake. Nikamwambia mwenye nyumba hayupo, arudi siku nyingine.

Kabla ya kuita mwingine nikapima mwenyewe, kwa mita hiyo hiyo ya tokeni. Saa nne za usiku nilizima kila kitu, feni nayo (mume wangu hajanisamehe), nikaacha friji peke yake. Nikaandika namba. Saa kumi na mbili asubuhi nikaandika tena, na katikati hakuna aliyefungua mlango. Mita imepungua yuniti 0.94. Friji yangu imeandikwa wati 120, na yuniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja, kwa hiyo ikikimbia saa 8 bila kusita ni yuniti 0.96. Maana yake usiku mzima imepumzika dakika chache tu. Na kwa kazi yote hiyo, glasi ya maji niliyoilaza ndani ilikuwa nyuzi 9, nami nataka 4. Nilitumia kipimajoto cha jikoni. Cha homa hakifai, hakishuki huko.

Fundi wa pili ni wa mtaa wa Langoni. Alisema atakuja baada ya alasiri, akaja siku ya pili baada ya isha. Hilo ni kama ndilo kosa lake pekee.

Alipoingia hakugusa friji. Alisimama akaitazama, akacheka. "Nani kaivika buibui?"

Mavyaa wangu alikuwa amekaa pale pale. Kitambaa kile kakifuma kwa mkono wake, kinafunika juu na kuteremka mbavu zote mbili karibu na chini. Fundi akaona alichofanya, akamwamkia, "Shikamoo mama," kisha akaanza kumweleza yeye, si mimi. Friji za zamani zina wavu wa mabomba mgongoni, kila mtu anaujua. Hii haina. Mabomba yamefichwa ndani ya mbavu, na joto lote linalotolewa kwenye chakula hutokea hapo. Ndiyo maana yule wa kwanza aliungua mkono, na kuungua huko hakukuwa na uhusiano na gesi. Ukiifunika joto halitoki, na kompresa inabaki kusukuma joto lile lile. Na sisi hatukuishia kwenye kitambaa. Ubavu mmoja tulikuwa tumeuegemeza kwenye ukuta wa mawe, wa pili kabati la vyombo, hata kidole hakipiti. Nyumba zetu mnazijua zilivyo na nafasi. Ilibidi kabati lihame.

Akataka kiganja kizima kila upande na nyuma. Akachomoa plagi, akafungua sehemu ya chini ambako kompresa hukaa, akaingiza brashi ya rangi. Vilivyotoka siwezi kuviita vumbi: ni godoro la manyoya ya paka. Wanaokaa Amu wataelewa.

Kisha akaniomba noti. Nikampa ya hamsini. Akaibana mlangoni, akaivuta, ikakataa kutoka. Akashuka nayo hivyo hivyo raba yote ya mlango, na kwenye kona ya chini upande wa mpini ikatoka bila ubishi. Kona hiyo ndiko sharubati ya ukwaju humwagikia, ikakauka, raba ikawa ngumu kama ngozi ya ngoma. Akaiosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, akaikanda kwa kitambaa cha maji moto kama dakika ishirini, akaivutavuta irudi umbo lake. Ilipata nafuu, haikupona.

Hapo ndipo nilipoelewa barafu ya friza, ambayo ilikuwa nene vidole viwili. Hewa yetu ina maji. Inapenya kwenye kona ile, inaganda ukutani mwa friza, na barafu ikinenepa inakuwa blanketi: ubaridi haufiki kwenye chakula, themostati, kile kipima ubaridi kinachoiwasha na kuizima kompresa, haioni ubaridi, kompresa haipewi ruhusa ya kuzima. Juu ya hayo, mavyaa alipoona maji hayawi baridi alizungusha kitufe cha themostati hadi 7. Fundi akasema kwa joto la kaskazi friji iliyobanwa haitafika ubaridi wa 7 hata ikesha. Akakirudisha 4.

Nikamuuliza kuhusu gesi. Akanionyesha ukuta wa friza: barafu imetanda sawasawa kote. Gesi ingekuwa imepungua, alisema, barafu ingeshika kona moja na kwingine kukawa kukavu. Hakutia gesi, hakunilipisha gesi. Akachukua 1,500 kwa kazi ya karibu saa tatu, akanihusia niyeyushe barafu kwa kuzima na kuacha milango wazi, nisiguse kisu. Kuna jirani aliyegusa kisu. Alisikia fyuu, gesi ikatoka, na friji yake sasa ni kabati la vitabu.

Usiku wa tatu nikapima tena, joto lile lile, masharti yale yale. Yuniti 0.57. Yaani katika kila dakika kumi inafanya kazi kama sita. Maji nyuzi 5. Nimepima tena juzi, kusi limeshashika na joto limepungua, ikawa 0.44, ila hapo sehemu ya sifa ni ya upepo.

Sasa friji yenyewe. Naipa nyota tatu. Inapoza vizuri ikipewa hewa, na kibandiko chake kina herufi T, maana yake imeundwa kwa joto la mpaka nyuzi 43. Ukinunua ya kutumia pwani itafute herufi hiyo, kwani yenye N mwisho wake ni 32. Lakini raba ya mlango kufa katika miaka mitatu ni aibu, na hakuna popote mbele ya friji palipoandikwa kwamba mbavu zisifunikwe. Habari hiyo imo kwenye kitabu cha maelezo, kwa Kiingereza na Kichina, ukurasa ambao nimeuona juzi.

Fundi wa Langoni nampa tano, nimemkata nusu kwa ile alasiri iliyogeuka isha ya kesho yake.

Moja zaidi kwa wenye friji za inveta. Dada yangu yuko Malindi, alinipigia baada ya kusikia yangu, naye akitaka kuita fundi kwa kuwa yake haizimi. Ya inveta haikuundwa kuzimazima. Inapunguza mwendo na kuendelea polepole karibu siku nzima. Nikamwambia aangalie mita kwanza. Ilikuwa haijaongezeka hata kidogo.

Raba mpya imeagizwa Mombasa. Kitambaa kimehamia kwenye kabati la vyombo, ambalo sasa liko katikati ya njia ya jikoni, na kila apitaye hujigonga.