Boila la kuni lililotumika: kagua bomba la kati, rangi achana nayo

Boila la kuni la lita 200, lile la kusimama lenye tanuri chini na bomba la moshi linalopita katikati ya maji, bado lina kazi Dodoma. Juni na Julai usiku hushuka hadi nyuzi 14 hivi, na mgeni wa nyumba ya kulala anayewahi basi la alfajiri hataki kusikia habari za maji baridi. Mengi yanayouzwa sasa yameshatumika, yakapigwa rangi ya fedha na kurudishwa sokoni. Yapo mazima. Yapo pia machakavu yaliyojipodoa.

Bomba la kati ndilo linalokula moto upande mmoja na maji upande wa pili, kwa hiyo ndilo hufa kwanza. Ligonge kwa nyundo ndogo kutoka juu hadi chini, kisha ugonge paa la tanuri. Chuma kizima hulia. Kilicholiwa na kutu hutoa sauti butu. Kiraka cha nje kinavumilika, lakini kiraka kwenye bomba la kati ni sababu ya kuondoka dukani. Lililotengenezwa kwa pipa la mafuta bati lake ni la milimita moja hivi, halidumu. Tafuta la milimita 3. Kabla ya kulipa, lijazwe maji na kuachwa usiku kucha. Asubuhi chungulia ndani ya tanuri. Majivu yakiwa na unyevu, limetoboka.

Ulaji wake wa kuni ni huu. Kupandisha lita 200 kutoka nyuzi 20 hadi 60 kunataka kilo 7 au 8 za kuni kavu zilizopasuliwa unene wa kifundo cha mkono, kwa muda wa saa moja na nusu. Ukichanganya na maji baridi unapata ndoo 15 hadi 20 za kuogea. Kuni mbichi huongeza muda na kuacha lami nyeusi kwenye bomba la moshi. Lami hiyo ikishika moto, bomba huwa jekundu na kenchi za paa zilizo karibu zinaweza kuungua.

Ufungaji ndio unaowashinda wengi. Boila hili halikuundwa kubeba presha, hivyo usiliunge moja kwa moja na bomba la DUWASA, mamlaka ya maji ya Dodoma. Lilishwe na simtanki iliyoinuliwa mita 2 au 3, maji baridi yakiingia chini na ya moto yakitokea juu. Juu kabisa kuwe na bomba la kupumulia linalopanda nusu mita kupita usawa wa maji ya simtanki, kwa sababu maji ya moto ni mepesi na husimama juu kidogo kuliko ya baridi. Bomba hilo lisiwekwe koki hata moja! Fundi atakayelifunga kwa plagi eti linamwaga maji ametengeneza bomu: lita moja ya maji ikigeuka mvuke hutaka nafasi ya lita 1,600 hivi. Mita moja na nusu ya kwanza kutoka kwenye boila iwe bomba la chuma. PVC hulegea kwa joto hilo. Kwenye njia ya maji baridi weka valvu ya njia moja, la sivyo maji ya moto yanaweza kurudi kwenye simtanki.

Visima vingi vya Dodoma vina maji ya chumvi na chokaa, na ukoko hujijenga hasa juu ya paa la tanuri. Dalili yake ni boila kunguruma kama ugali unaotokota na kuchelewa kupata moto. Kila wiki, likiwa limepoa, fungua plagi ya chini na utoe ndoo moja mpaka maji yawe meupe. Lisilo na plagi hiyo, wala tundu la kupitisha mkono na patasi, usilinunue. Maji ya betri, yaani tindikali, yasiguse humo: yanakula chuma pamoja na ukoko.

Wapo wanaouliza kama linaweza kupasha vyumba kwa mabomba, kama Ulaya. Kwa Dodoma ni kupoteza kuni. Ziba upepo madirishani, ongeza blanketi. Boila lenyewe likae nje chini ya kibanda kilicho wazi, maana kaboni monoksaidi haina harufu, na makaa huendelea kuitoa hata moshi ukishakwisha.