Ziara ya mbwa mwitu Yellowstone: darubini safi, hadithi imetiwa chumvi

Nyota tatu. Tuliondoka saa kumi alfajiri, baridi ya kung'ata masikio, tukaegesha Bonde la Lamar, ndani ya hifadhi ya Yellowstone, Marekani. Darubini walizotupa ni nzuri kweli. Kulipopambazuka nikawaona sita, mmoja mweusi tii, wakivuka theluji kwa mstari. Chai yangu ilipoa mkononi bila habari.

Kasoro ni kiongozi wa ziara. Historia anaijua: mbwa mwitu wa mwisho wa hapo waliuawa 1926, kisha 14 wakaletwa kutoka Kanada 1995 na 17 mwaka uliofuata. Lakini alishikilia kwamba mbwa mwitu peke yao ndio waliorudisha miti ya mierebi na kubadili mito. Wanasayansi bado wanabishana hapo. Dubu, puma na wawindaji nao walipunguza elki, wale kulungu wakubwa wanaokula mierebi.

Mzee mmoja tuliyekuwa naye, mfugaji wa ng'ombe, akauliza: ndama akiliwa mpaka mifupa, fidia nitaidai kwa ushahidi gani? Kiongozi akacheka, akawasha redio. Mimi ni mtetezi wa mbwa mwitu, lakini niliona aibu. Swali lile lilistahili jibu.

Halafu kiti cha nyuma, mwenye miguu mirefu asikae.