Geji za kompresheni na vakumu: zimeniepusha na ovaholi, ila karatasi yake ya maelezo usiifuate kichwa kichwa ukiwa Kampala

Nina Hiace ya zamani, injini 1RZ ya kabureta, ndo inanibebea viti na mahema ya harusi hapa Kampala. Kwa miezi kadhaa ilikuwa inamisi, ikisimama kwenye jam inatetemeka mpaka saidi mira inacheza, na kupanda kilima cha Kibuli na viti mia mbili ilikuwa ni gia ya kwanza mwanzo mwisho, konda wangu anashuka anatembea kwa miguu na bado tunafika pamoja. Breki nazo pedali ngumu kama unakanyaga tofali. Fundi akaweka mkono kwenye ekzosti, akasikiliza kidogo, akasema "Boss, ringi za pistoni zimeisha, tufungue injini." Milioni mbili na laki nne. Hakupima kitu chochote jamani, mkono tu!

Nikaenda Kisekka, soko la spea hapa mjini, nikanunua seti ya geji, 130,000 baada ya kubishana sana. Ndani kuna geji ya kompresheni (inapima silinda inabana hewa kwa nguvu kiasi gani) yenye hosi ya kufunga kwenye tundu la plagi, geji ya vakumu (inapima injini inavuta hewa kwa nguvu kiasi gani), adapta nne na karatasi ya maelezo. Hosi ni ya kufunga kwa nati, sio ile ya raba ya kubonyeza kwa mkono, hiyo ya raba achana nayo, ukiwa peke yako huku unapiga stata huko umeshika geji utapata namba za uongo.

Siku ya kwanza niliharibu. Nimepasha injini vizuri, nimetoa plagi zote nne, nimechomoa waya wa koili, nikasahau betri yangu imechoka. Silinda ya 1 ikanipa psi 110, ya 4 ikanipa 90, nikajua basi fundi alisema kweli. Kumbe stata ilikuwa inazunguka polepole kila ninavyoendelea. Kesho yake nikaazima betri ya jirani, nikamweka kijana akanyage aksileta mpaka chini (hii watu wanasahau, kabureta ikiwa imefunga hewa haiingii ya kutosha), kila silinda nikaipigia stata mapigo sita. Sasa ikaja hivi: 148, 95, 90, 150.

Hapo ndo nilikaa chini kwenye kiti changu mwenyewe cha harusi nikafikiri. Kama ni ringi zimeisha kwa uzee mbona ya 1 na ya 4 ziko sawa kabisa? Nikamwaga kijiko cha oili silinda ya 2, nikapima tena, 97. Ya 3 nayo hivyo hivyo, haikupanda. Ringi zikiwa mbovu oili inaziba pale pembeni ya pistoni na namba inaruka juu, isiporuka basi hewa inatokea juu, kwenye valvu au gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini. Na silinda mbili zilizopakana zikishuka pamoja, mtuhumiwa wa kwanza ni gasketi pale katikati yao. Maji ya radieta hayakuwa yanapungua, oili haikugeuka maziwa, ndo maana hakuna hata mmoja aliyeiwaza gasketi. Ikiungua kati ya silinda na silinda haigusi maji wala oili, zinapumuliana zenyewe tu.

Geji ya vakumu niliiunga kwenye manifodi ya kuingiza hewa, injini ikiwa sailensa (inanguruma tu bila kukanyaga aksileta) mshale unayumba kati ya inchi 6 na 11 za zebaki. Nikabana hosi inayoenda kwenye busta ya breki (inatumia vakumu kuusaidia mguu) kwa koleo, mshale ukapanda palepale, bado unayumba lakini kati ya 9 na 14. Kuangalia ile hosi chini pale kwenye klipu, imepasuka ufa mrefu kama kucha. Hosi mpya, pedali ikawa laini, hilo likaisha siku hiyo hiyo.

Fundi mwingine akafungua hedi. Gasketi kati ya 2 na 3 imeliwa, pameacha njia nyeusi unaweza kulaza penseli. Hedi ikapelekwa mashineni kusawazishwa maana ilipinda kidogo, gasketi mpya, kazi yote na mikono laki sita na kitu. Kupima tena: 150, 147, 148, 151. Haitetemeki tena.

Sasa hapa kwenye karatasi. Inasema vakumu nzuri ni 17 mpaka 22, na kioo cha geji kimepakwa kijani hapo. Yangu baada ya yote imetulia kwenye 16, mshale hautikisiki hata nywele. Fundi akaniambia bado, iko nje ya kijani, labda valvu. Karibu nikubali! Nikampigia mdogo wangu yuko Mombasa, ana Hiace kama hii na fundi wake ana geji kama hii, yake inasoma 20. Ndo ikaniingia akilini, yeye yuko baharini, mimi niko karibu mita 1,200 juu. Hewa yenyewe ya Kampala ni nyepesi, kila futi 1,000 unazopanda unapoteza kama inchi moja kwenye geji, na sisi tuko futi karibu 4,000. Kwa hiyo 16 ya hapa ni 20 ya Mombasa. Ukiwa Kabale huko mita kama 2,000 ndo usishangae kabisa ukiona 14. Kompresheni nayo inashuka hivyo hivyo, 150 yangu huko pwani ingekuwa kama 170, kwa hiyo linganisha silinda na silinda kwanza kabla hujahangaika na namba ya kitabu. Nimechukua rangi ya kucha ya mke wangu nikaweka alama nyekundu pale kwenye 16.

Nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa sababu ya adapta: ukifungua hosi, adapta inabaki imekwama ndani ya tundu la plagi, na kwenye Hiace injini iko chini ya kiti, vidole haviingii. Nilihangaika saa nzima na bomba na mpira wa baiskeli. Siku hizi naikaza kwenye hosi kwa koleo kwanza kabla sijaingiza.