Tamasha la chuo kikuu lililowaachia watoto nafasi ya kukisia

Kama una watoto wasiochoka kuuliza "kwa nini", siku ya familia kwenye tamasha la chuo kikuu ni ya kwenda. Nilikwenda na wanangu wawili, wa miaka 6 na wa miaka 11, na kwangu mihadhara miwili na igizo moja vilitosha kuifanya siku nzima iwe na maana. Yapo pia ya kurekebisha, nitayasema.

Nianze na bamba. Mtoa mada, mtafiti wa fizikia, alikuwa amelifunga bamba la shaba la mraba juu ya kigingi. Akalinyunyizia mchanga mkavu, akashika upinde wa fidla, kisha akawageukia watoto: mchanga utaruka chini, utatulia, au utachora? Akasubiri. Alisubiri kweli, mpaka mtoto mmoja wa safu ya nyuma akapata ujasiri wa kusema utachora duara. Ndipo akaupitisha upinde ukingoni. Bamba likalia kwa sauti kali, chembe zikaanza kukimbizana, na mara nyota ya pembe nane ikatokea mbele ya macho yetu. Akabana ukingo kwa kidole mahali pengine, akapitisha tena upinde, mchoro ukawa mwingine kabisa. Maelezo yake yalikuwa mafupi: bamba likitetema, kuna sehemu zinazorukaruka na kuna mistari iliyotulia, na mchanga hufukuzwa kule kwenye vurugu ukaenda kujikusanya kwenye utulivu. Mwanangu wa miaka 6 alilishika hilo palepale, akawa ananichorea mapajani kwa kidole.

Michoro hiyo aliieleza Mjerumani Ernst Chladni mwaka 1787, na mwaka 1809 akaionyesha mbele ya Napoleon mjini Paris. Ikatangazwa tuzo kwa atakayeeleza kwa hisabati kinachotokea. Aliyeipata, mwaka 1816, kwa jaribio la tatu, alikuwa mwanamke: Sophie Germain. Mtoa mada alimtaja, akaishia hapo, akasema anayetaka kumjua zaidi aje alasiri kwenye jukwaa la maigizo. Hapo ndipo nilipowavulia kofia waandaaji, maana mhadhara na sanaa vilikuwa vimepangwa vipokezane.

Na igizo halikutuangusha. Wanafunzi wa sanaa za maonyesho waliigiza utoto wa Germain, pale inaposimuliwa kuwa wazazi walimnyang'anya mishumaa ili asisome hesabu usiku, naye akawa anaificha na kusoma akiwa amejifunika blanketi. Baadaye akaandika majibu yake kwa jina la kiume, LeBlanc, kwa sababu École Polytechnique, chuo cha Paris, hakikuwa kikipokea wanawake. Ile sehemu ambayo Lagrange, mwanahisabati aliyefundisha chuoni hapo, anataka kumwona huyo LeBlanc hodari, mlango ukafunguliwa akaingia msichana, binti yangu wa miaka 11 alisimama kwenye kiti. Nilimwacha. Mpiga ngoma aliyekaa pembeni alikuwa ameweka ngozi ya ngoma yenye mchanga juu yake, ikiangazwa na taa, na kila pigo lilibadilisha mchoro. Watoto waliokuwa kwenye mhadhara wa asubuhi wakawa wanawaeleza wenzao kwa sauti. Hakuna aliyewanyamazisha, jambo la kupongezwa.

Mhadhara wa pili niliosifu ulikuwa wa naitrojeni kimiminika, inayochemka kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri. Puto angavu lilizamishwa, likanywea mpaka likawa kama ganda la zabibu kavu, na ndani yake yakaonekana matone ya hewa iliyogeuka kimiminika. Lilipotolewa likavimba tena lenyewe. Hapa pia watoto walikisia kwanza, kwa kunyoosha mikono. Miwani ya kinga ilikuwepo kwa kila aliyeitwa mbele, na safu ya kwanza iliwekwa mbali na meza.

Sasa mhadhara wa mashimo meusi, yale ya angani yenye mvutano mkubwa kiasi kwamba hata mwanga hauchomoki. Tangazo lilisema unafaa kuanzia miaka 7. Haukufaa. Taa zilizimwa, slaidi zilijaa maandishi, na msemaji, ambaye bila shaka anaijua kazi yake, hakuuliza swali hata moja. Nusu saa haijaisha, familia zilikuwa zinatoka moja moja gizani. Mada yenyewe haina kosa: shuka lililovutwa likatandazwa, jiwe zito katikati na gololi chache vingetosha kuanzia. Umri unaoandikwa kwenye ratiba uamuliwe na mtu aliyeuona mhadhara ukijaribiwa mbele ya watoto.

Jingine ni ratiba. Igizo lilionyeshwa mara moja tu, saa ileile ya karakana ya vibaraka, na wazazi wenye watoto wa rika tofauti walilazimika kugawana. Lirudiwe, hata kwa dakika chache. Chumba cha utulivu kwa watoto wanaosumbuliwa na kelele kilikuwepo, lakini kibao chake kilikuwa kidogo mno na kilifichwa nyuma ya ngazi.

Ukienda, chagua kwanza mihadhara yenye majaribio ya mikono, fika mapema ukae safu za mbele, na ile ya slaidi tupu uwaachie watoto wa sekondari.