Kibanda cha kurushia nyimbo Chikongola, nawapa nyota 4

Jamani wapenzi wa muziki wa Brazil mlioko Mtwara nendeni pale, kwa buku mbili tu kaka kanijazia flashi bosanova tupu, sauti safi hata kwenye spika ya bajaji. Ila faili zote zimeandikwa mwimbaji tu, wapigaji hakuna! Hiyo inaniuma sana, maana hata ile albamu ya bosanova ya Getz/Gilberto iliyorekodiwa New York 1963 ikatoka 1964, kava liliandika besi kapiga Tommy Williams wakati aliyepiga ni Sebastião Neto, na hizo dramu laini ni Milton Banana, watu wanazisikia miaka yote hii jina lake hawalijui kabisa. Nimemwambia kaka, kakubali tukae pamoja tuyaandike majina ya wapigaji.