Hofu ya mbele za watu: tiba ya kikundi au ya ana kwa ana?

Kwa gharama, kikundi hushinda bila ubishi. Watu sita wakigawana saa za mtaalamu, kila mmoja hulipa kidogo, na anayepanda matatu mbili kutoka Kayole hadi Upper Hill kila wiki anajua uzito wa hilo.

Matokeo ndiyo yenye mjadala. Mwongozo wa 2013 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, hutanguliza tiba ya mtu mmoja mmoja. Hata hivyo, kikundi kina kitu ambacho chumba cha watu wawili hakina: hadhira. Anayeogopa kusimama kwenye kikao cha chama hujaribu kusema mbele ya macho halisi, kisha huambiwa kwamba mikono yake haikutetemeka kama alivyodhani. Lakini faida hiyo hutegemea wanakikundi walivyoshikamana. Msemaji mmoja akiteka kikao, au wawili wakiacha kuja, wakimya hujificha tena, nao wenye hofu hii ni mabingwa wa kujificha! Mtaalamu asiye makini hatagundua.

Kwa siri na ratiba, ana kwa ana ni bora. Hutakutana na jirani wa ploti, na mvua ikifunga Thika Road, kikao huahirishwa. Cha kikundi huendelea bila wewe.

Ukiweza kujitambulisha kwa wageni watano, hata kwa sauti ya kukwama, jaribu kikundi. Ikiwa wazo hilo tu linakunyima usingizi, anza na mtaalamu peke yake, uhamie kikundini baadaye.